UZI: Ukiambiwa "njoo upate mwanga" hapa Lamu, unaitiwa nini hasa? (Maneno ya hali za moyo na ya kuzinduka)

#1 Mfasiri_Shela (mleta uzi)

Salaam aleikum wadau. Nina kazi mkononi inayonitoa jasho tangu Jumatatu, nimeona niilete hapa kabla sijaiharibu.

Kuna nyumba moja ya wageni huku Shela, jina nalihifadhi, ina mazoezi ya kukaa kimya na kuvuta pumzi. Wateja wao ni wazungu, ila mwaka huu wanataka wenyeji nao waje, kwa hivyo wamenipa karatasi ya kurasa nne niitie Kiswahili. Imejaa mambo mawili. La kwanza ni zile hali zinazomfanya mtu leo aamke mchangamfu na kesho hataki kusemeshwa. La pili ni lile neno kubwa la mafundisho ya Buddha, la mtu kufikia kuuona ukweli wa mambo ulivyo.

Kabla yangu kazi alipewa mwingine. Juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa: NJOONI MPATE MWANGA. Nikampelekea mama, kwa kuwa yeye ndiye kamusi yangu ya kwanza. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanga wa mchana au wa usiku?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa walio mbali na pwani: mwanga, wingi mianga, ni mwangaza. Mwanga, wingi wanga, ni mchawi, yule atokaye usiku kuwanga. Katika umoja hakuna cha kukuonyesha ni yupi. Unawaalika watu wa Shela kwa bango waje wapate mwanga, tena alfajiri, kabla jua halijatoka! Nani atakuja?

Ndani ya karatasi nako kuna "hali ya kihisia ya kiakili". Nimeisoma mara tatu, sijui ni ugonjwa au ni cheo. Nisaidieni.

#2 KijanaWaWatamu

Andika mudi dada, uishi. "Leo sina mudi." Hata nyanya yangu anaelewa.

#3 BintiAmu

Mudi ama unayo ama huna, basi. Haisemi kama umeudhika, umemkumbuka marehemu, au umelala vibaya tu. Unamwambia mtu "sina mudi" ili asikuulize zaidi. Hiyo karatasi inataka watu waulizane.

Nafundisha watu wazima kusoma jioni, na jambo moja nimelitambua kwa kusikiliza wanavyoongea. Siku hizi redioni nasikia "niko na huzuni", "niko na hasira", mtu kazibeba kama kikapu. Wanafunzi wangu wazee hawasemi hivyo. Kwao hali ndiyo itendayo, mtu hutendwa. Huzuni humshika. Hofu humwingia. Hasira humpanda. Butwaa humpiga, na bumbuwazi vile vile. Simanzi humjaa. Na kila moja ina njia yake ya kuondoka: hofu humtoka, hasira humshuka, na roho iliyokuwa juu humtua. Yaani hofu ina mlango, hasira ina ngazi. Ukizipanga hivi unaona kwamba waliotangulia walikuwa wanachora nyumba.

Kuna kundi jingine, yale ambayo mtu huyaona: kuona haya, kuona aibu, kuona gere, kuona wivu, kuona kinyaa, kuona uchungu. Hapa mtu mwenyewe ndiye mwenye macho. Haya haimpandi mtu wala haimshiki, huiona. Na mengi katika haya yanataka awepo wa pili: huoni haya peke yako chumbani, wala huoni gere kama jirani hana kitu. Raha ndiyo inayoniharibia hesabu, maana kuona raha mtu aweza hata akiwa peke yake barazani na kahawa yake.

Halafu kuna vitendo vitupu, ambavyo mimi ndivyo navipenda kuliko yote. Kununa. Kususa. Kuzira. Kufura. Kusononeka. Kunyong'onyea. Kununa kuko usoni, mdomo unavimba na nyusi zinakutana. Kususa ni kuacha: kasusa chakula, kasusa harusi ya dadake. Mtu anaweza kununa na akala sahani mbili. Na anaweza kususa bila kununa, anatabasamu, anakupisha, anakuuliza watoto hawajambo, ila sahani haigusi. Huyo wa pili ndiye wa kuogopa. Kusononeka hakuna makelele, ni maumivu ya ndani yanayokula polepole. Kunyong'onyea ni mwili: viungo vimelegea, mtu kakosa nguvu za hata kuhuzunika.

Sasa haya yote wewe utayatia kwenye "mudi"?

#4 MjukuuWaMkomani

Umesahau kwamba pepo naye hupanda kichwani. Hasira, mori na pepo ngazi yao moja. Ndiyo maana mtu hasira zikimshuka husema, "Sikuwa mimi yule."

#5 KijanaWaWatamu

Nimekubali yaishe. Narudisha mudi yangu Watamu.

#6 Nahodha Mstaafu

Wanangu, mwenye mato haambiwi tazama. Mnatafuta maneno ya moyo kwenye makaratasi na bahari iko mbele ya nyumba.

Bahari huchafuka, na roho huchafuka. Neno hilo hilo moja. Roho ikikuchafuka chomboni ni kichefuchefu, ikikuchafuka barazani ni maudhi, na mara nyingi la pili huleta la kwanza. Bahari ikilala tunasema shwari, na mtu akiulizwa hali husema shwari. Mimi nimeendesha jahazi miaka, sijaona shwari iliyodumu, na wala shwari si heri kila mara: pepo zikikatika tanga linalala, mwasimama pale pale jua likiwachoma. Kwa hivyo mtu akiniambia moyo wake shwari siku zote namhurumia.

Neno unalolitaka wewe kwa kazi ya kuvuta pumzi ni kutuama. Maji ya kisima ukiyateka kwa fujo yanavurugika. Ukiyaacha, taka huenda chini, maji yakatuama, ukaona hata kokoto. Moyo nao hutuama. Usiandike "utulivu wa akili". Akili ikitulia imelala.

Mke wangu, wala silisikii kwa mwingine, ikifika Juni au Julai kusi likivuma na mimi sina pa kwenda, husema, "Leo mzee ana kusi, msimkaribie." Hilo nalo mfasiri ukitaka uchukue, ni bure.

#7 MwlMalindi

Asante ami Nahodha, kutuama nimekuandika daftarini.

Niongeze upande mwingine. Maneno mengi ya moyo tuliyonayo yalitoka Kiarabu, lakini yalipokuja huku hayakubaki na tabia yake. Wanafunzi wangu hapa Malindi hushangaa nikiwaonyesha.

Chukueni hasira. Kwa Mwarabu *hasra* ni majuto, uchungu wa kitu kilichokwisha kupotea. Kwetu imekuwa ghadhabu. Nikilifikiri sana naona si kosa: chungulia chini ya hasira za watu wengi utakuta kuna kitu walichokosa.

Hamu. Kwa Mwarabu *hamm* ni wasiwasi na dhiki ya moyo. Katika tungo za zamani za kwetu utaikuta bado na mwenziwe, "hamu na ghamu", zote mbili huzuni. Leo hamu ni kutamani: nina hamu ya pilau, nina hamu nawe. Dhiki imegeuka kiu.

Kukinai. Asili yake ni kuridhika na ulicho nacho, sifa njema kabisa. Siku hizi mtu akisema "nimekinai samaki" maana yake hataki hata harufu yake. Tulianza na kutosheka tukaishia kuchoshwa. Hilo lingewafaa hao wageni wa nyumba ya Shela, sidhani kama kuna lugha nyingine iliyofika huko kwa neno moja.

Na wasiwasi wenyewe ni mnong'ono. Mtu mwenye wasiwasi ananong'onezwa.

#8 UstadhLangoni

Mwalimu kasema kweli kuhusu hasira. Anayetaka kuhakikisha na asome Sura ya Maryam, aya ya 39, hapo Siku ya Kiyama imeitwa *yawm al-hasra*, Siku ya Majuto. Si siku ya hasira. Nimewahi kumsikia kijana akiitafsiri hivyo, na msikiti mzima ukageuka kumtazama. Wasiwasi nao mnausoma kila siku katika Sura ya mwisho, an-Nas.

Mimi nina neno moja la dada mfasiri, na ni dogo. Hali.

Tunaulizana kila asubuhi "u hali gani?" bila kulitazama. Katika elimu ya tasawwuf, ile njia ya Masufi ya kusafisha moyo, hali ni kile kinachomshukia moyoni mtu bila yeye kukitengeneza, furaha au kicho au shauku, na sharti lake ni kwamba hupita. Kinachobaki kinaitwa *maqam*, kisimamo, nacho mtu hukipata kwa juhudi na miaka. Basi anayetafuta Kiswahili cha jambo linalokuja na kwenda moyoni alikuwa nalo mdomoni tangu alipoamka. Hali ya moyo. Wala usiongeze "ya kihisia ya kiakili".

Wanaokuja kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu wameona mtu katika dhikiri machozi yakimtoka, halafu baada ya saa moja yuko uwanjani Mkunguni anabishana bei ya mahamri. Hakuna unafiki hapo. Ile ilikuwa hali.

#9 KijanaWaWatamu

Ustadh, kwa hivyo makamu wa rais ni mtu aliyefika kisimamo cha juu?

#10 UstadhLangoni

Umetania lakini umegusa. Makamu ni *maqam* hiyo hiyo: anayekaa mahali pa mwingine. Na kaimu ni *qa'im*, anayesimama hapo kwa muda. Mtu wa makamo ndiye huyo tena, kafika kisimamo cha umri. Walioshuka daraja ni maneno, si mimi.

#11 Mfasiri_Shela

Jamani nawashukuru, laiti wangeanza nanyi kabla hawajampa yule wa mwanga.

Hali ya moyo nimeichukua, kutuama nimekuchukua, na ukurasa wa pili nitaupanga kwa ngazi na milango ya BintiAmu. Bado lile zito. Mama anasema niandike nuru: nuru hakuna mchawi anayeitwa hivyo, na mtu mwema husemwa uso wake una nuru. Mnaonaje?

#12 MwlMalindi

Nuru ni neno zuri, na lina ukoo mkubwa kuliko tunavyodhani. Kunawiri ni lake: binti kanawiri, shamba limenawiri. Mnara ni wake pia, kwa asili ni mahali pa kuwekea nuru. Ndiyo maana huwa nacheka hapa kwetu tukipita kwenye Mnara wa Vasco da Gama, yule aliyefika 1498. Nguzo ya mawe yenye msalaba haikuwahi kumulikia mtu chochote, tumeiita mnara kwa urefu tu.

Lakini kwa kazi yako naipinga nuru, na sababu yangu ni Buddha mwenyewe. Hilo si jina alilozaliwa nalo, alikuwa Siddhartha Gautama. Buddha ni sifa, kwa Kisanskriti mzizi wake ni *budh*, kuamka. Buddha ni Aliyeamka. *Bodhi*, jambo lenyewe alilolipata chini ya mti, ni kuamka. Hamna taa humo. Taa iliwekwa na Wazungu walipotafsiri, kwa sababu wao walikuwa na karne yao ya 18 waliyoiita ya mwangaza wakaona maneno yanalingana. Nasi tukaichukua kwao badala ya kuichukua kwa mwenyewe.

Hata hao Wazungu, yule mwanafalsafa Mjerumani Kant alipoulizwa mwaka 1784 huo mwangaza ni kitu gani, hakuzungumza mwanga. Alisema ni mtu kutoka katika utoto aliojiweka mwenyewe, aache kuongozwa na akili ya mwingine. Ukinikaba niifasiri kwa neno moja nitasema kubaleghe.

Kwa hivyo neno lako ni kuzinduka. Mtu aliyezimia huzinduka. Aliyepotelewa na mawazo huzinduka. Aliyekuwa akidanganywa na rafiki miaka kumi, siku moja huzinduka. Hakuletewa kitu kipya, ni yale yale yaliyokuwapo sasa anayaona.

#13 UstadhLangoni

Mwalimu, taratibu. Kuzinduka ni kurudi ulipokuwa. Aliyezimia akizinduka anakuwa yule yule wa jana, na madeni yake. Hao wanazungumzia mtu kufika asipowahi kufika. Mimi nabaki na nuru, maana nuru hutoka kwa Mwenyewe na mtu hujaaliwa.

#14 MwlMalindi

Ndipo tunapoachana ustadh. Hiyo karatasi si ya dini yetu, na mafundisho ya Buddha hayasemi mtu amejaaliwa na yeyote. Ukiandika nuru msomaji wa Shela ataelewa imetoka kwa Mungu, na utakuwa umewasemea wasilolisema. Na utakuwa umewaudhi wote wawili.

#15 MjukuuWaMkomani

Kwani kufunuliwa kuna kosa gani?

#16 UstadhLangoni

Hapo, mwanangu, umefungua sanduku. Kufunua kwa Kiarabu ni *kashf*, na kwa watu wa tasawwuf ni neno la heshima kubwa: pazia likaondolewa moyoni. Tazameni lilivyotufikia sisi. Kashfa! Kumkashifu mtu! Pazia limeondolewa kweli, ila ni pazia la chumba cha jirani. Neno la mawalii tukalifanya la magazeti.

Lakini mzizi huo umetuachia tunda jingine. Utenzi wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, jina lake latoka hapo hapo, kufunuka. Na humo anayesemeshwa ni moyo. Mtunzi auonyesha moyo wake magofu ya Pate: majumba yaliyokuwa na taa za kioo na za shaba usiku ukawa kama mchana, leo popo wamening'inia.

#17 BintiAmu

Ustadh, umejifunga mwenyewe! Taa zilipokuwa zinawaka, ndipo watu walipokuwa wamelala. Moyo ulizinduliwa gizani, kwa popo. Na neno alilotumia mtunzi kwa zile nyumba zenye taa ni kunawiri, nuru yako hiyo hiyo, mwalimu kaisema juu. Nuru ndiyo iliyowahadaa.

#18 UstadhLangoni

Nimenyamaza. Nanywa kahawa.

#19 Nahodha Mstaafu

Mmesahau kuelea. Zamani mtu hakuanza na "naelewa", alisema "yamenielea", jambo limemwelea. Kuelewa ni kutendwa, kama walivyo wale wa BintiAmu wanaoshikwa na kupandwa. Jambo huja lenyewe juu ya maji ukaliona. Nasi huambiwa vyaelea vimeundwa, kwa hivyo huenda kuna fundi chini asiyeonekana. Siijui Sanskriti, najua hilo.

#20 BintiAmu

Ami, hilo lingenifundishia darasa zima. Na niongeze yale mengine tusije tukayaacha. Kung'amua ni kutambua lililokuwa limefichwa, kuna upelelezi ndani yake, mke hung'amua siri. Kutanabahi ni kwa Kiswahili cha vitabu, maana karibu ile ile ya kuamka, lakini mwite mtu barazani umwambie "tanabahi" uone atakavyokutazama. Kuerevuka nako kuna harufu ya ujanja: mtoto akirudi Mombasa kaerevuka, mama huficha mkoba. Ustaarabu ndio usiseme, asili yake ni kujifanya Mwarabu, na hapa Lamu wazee walikuwa na uungwana wao.

Kupambazukiwa ni kuzuri, kukicha ukajikuta machoni pa asubuhi. Ila angalieni kucha kulivyotufanyia: aliyekutwa na mapambazuko bado kitandani ndiye aliyechelewa. Kuchelewa kumetoka huko. Lugha nyingine ukifikiwa na nuru wewe ni mwenye hekima, kwetu wewe ni mtoro wa shule.

#21 KijanaWaWatamu

Swali la kweli sasa, sitanii. Kuzinduka na kuzingua si ndugu? Maana huku tukisema "unazingua" ni kusumbua watu.

#22 MwlMalindi

La, si ndugu, ingawa wanafanana. Kuzingua ni kumfungua mtu aliyefungwa kwa uchawi, kazi ya mganga. Vijana wakaigeuza ikawa kusumbua. Ukitaka uwaunganishe basi fanya hivi: aliyerogwa na mwanga huzinguliwa, halafu ndipo huzinduka.

#23 Mfasiri_Shela

Nimempigia mama simu nikamsomea uzi wote. Ya Buddha kuwa Aliyeamka ilimshika, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi alikuwa amelala kama sisi." Nuru kaiacha mwenyewe.

Nimeandika hivi juu ya ukurasa wa kwanza: *Hali za moyo huja na kupita. Njoo ukae kimya, moyo utuame. Huenda ukazinduka.*

Mama kaniambia nisiithubutu kuitoa hiyo "huenda".

#24 BintiAmu

Imekaa. Ila nakuonya mapema: wakikuomba jina la kitendo, usiwape "uzinduzi". Watu watasubiri mgeni rasmi na utepe.

#25 Mfasiri_Shela

Dada umechelewa. Nimepita pale sasa hivi. Karatasi yangu wameipokea, wameipenda, na bango jipya limeshasimamishwa mlangoni: UZINDUZI WA MOYO, JUMAMOSI SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI, WOTE MNAKARIBISHWA.

#26 KijanaWaWatamu

Mgeni rasmi nani? Na soda zitakuwapo?

#27 Nahodha Mstaafu

Zikiwapo nami naja.